Uhakiki wa Kigezo cha Kulinganisha Itifaki za Usafirishaji Data katika Intaneti ya Setilaiti: Mtazamo kutoka Ndalambo

Ulinganishaji wa itifaki za usafirishaji data katika intaneti ya setilaiti mara nyingi hufanywa kwa kupakua faili kubwa, kupima kasi ya wastani, kisha kutaja itifaki iliyoshinda. Makala haya yanadai kwamba kigezo hicho hakikidhi haja ya mahali kama Ndalambo, kata ya Wilaya ya Momba mkoani Songwe, ambako zahanati au mfanyabiashara anayetegemea setilaiti huhitaji kwanza fomu fupi au muamala ukamilike.

Setilaiti inayoonekana kusimama mahali pamoja angani ipo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi na jibu lake huvuka umbali huo mara nne, hivyo safari ya kwenda na kurudi huchukua takribani sekunde 0.6. TCP yenye usimbaji wa TLS 1.3 huhitaji safari mbili kabla ya kutuma ombi la kwanza, ilhali QUIC, iliyosanifiwa mwaka 2021, huhitaji moja. Kwa hiyo, jibu la fomu fupi hufika baada ya sekunde 1.8 kwa TCP na 1.2 kwa QUIC. Kwa upande mwingine, TCP inayoanza na pakiti 10 na kuongeza maradufu kila safari huhitaji zaidi ya sekunde nne kujaza njia ya megabiti 20 kwa sekunde. Fomu huwa imekwisha kufika kabla kasi ya wastani haijawa na maana.

Hata hivyo, ushindi huo wa QUIC una sharti. Watoa huduma wengi huweka vifaa vya kati vinavyoijibu TCP kwa niaba ya seva ya mbali. QUIC husimba taarifa zake za udhibiti, hivyo haipati msaada huo. Utafiti usiotaja kuwapo kwa vifaa hivyo haujabainisha ulicholinganisha.

Aidha, vipimo vya kiangazi pekee havitoshi. Mvua za Novemba hadi Aprili huweza kupoteza pakiti. Cubic huchukulia upotevu huo kuwa msongamano na kupunguza utumaji, ilhali BBR, iliyotangazwa na Google mwaka 2016, hukadiria uwezo wa njia.

Kwa mantiki hiyo, kipimo cha msingi kiwe muda wa kukamilisha kazi fupi, katika misimu yote miwili. Vinginevyo, halmashauri inaweza kulipia kasi isiyotumika huku fomu ya zahanati ikiendelea kusubiri.