Pembe ya nne
Kidonge cha kifua kikuu anachopewa mgonjwa mzima Temeke au Mwananyamala, Dar es Salaam, kina dawa nne. Moja ni isoniazidi, miligramu 75, na kwa usanifu wa kikemia sioni ya kuishinda.

Asili yake ni pete ya piridini: pembe sita, tano za kaboni, moja ya naitrojeni. Anza kuhesabu kwenye naitrojeni. Kundi la asidi likikaa pembe ya tatu, hiyo ni niasini, vitamini B3, ambayo mwili ukiikosa ngozi hubabuka na akili huvurugika. Lihamishie pembe ya nne: atomu ni zilezile, uzito ni uleule, ila vitamini hamna tena.

Asidi hiyo ya pembe ya nne ndiyo Hans Meyer na Josef Mally waliyoigeuza kuwa haidrazidi, yaani isoniazidi yenyewe, huko Prague mwaka 1912. Wakachapisha, wakaendelea na mengine. Kwa takriban miaka 40 hakuna aliyejua kuwa inaua bakteria wa kifua kikuu. Kampuni tatu zilipoligundua hilo, kila moja kivyake, na habari kutoka mwaka 1952, hakuna iliyoweza kuikatia hataza, kwa kuwa ilishachapishwa zamani. Bahati yetu. Mpango wa taifa wa Tanzania wa kupambana na kifua kikuu ulipoanza mwaka 1977, ukijengwa pamoja na Karel Styblo, daktari Mcheki, dawa ya bei nafuu ilikuwa tayari ipo.

Sasa tazama inavyofanya kazi. Isoniazidi ikiwa peke yake haina makali. Kimeng'enya cha bakteria mwenyewe, KatG, ndicho kinachoiamsha. Mwenye nyumba kamfungulia mwizi mlango. Kipande kilichoamshwa hunasa kwenye NAD, molekuli ambayo ndani yake mna nikotinamidi, mtoto wa ile niasini ya pembe ya tatu. Ndugu hao wawili wakishashikamana huziba kimeng'enya kinachotengeneza nta ya ukuta wa bakteria, na bila nta hiyo bakteria hawezi kugawanyika, hatimaye hufa. Bakteria ambaye KatG yake imeharibika huponyoka, ndiyo sababu moja ya kuifunga pamoja na dawa nyingine tatu.

Ina kasoro yake: hunyang'anya mwili vitamini B6, miguu ikaanza kuchomachoma na kufa ganzi. Walio hatarini, wakiwamo wajawazito na wenye kisukari, huongezewa kidonge cha piridoksini, ambayo nayo ina pete ya piridini.