Utani na Nyuzi

Steve Martin, mchekeshaji wa Marekani, alipopiga banjo jukwaani katika miaka ya 1970, wengi walidhani ni sehemu ya mzaha tu. Albamu yake *The Crow* (2009) ilipopata tuzo ya Grammy mwaka 2010, ndipo walipomwita mwanamuziki. Hukumu zote mbili zina kasoro moja: zatenga kichekesho na nyuzi. Banjo ina asili ya Kiafrika. Yafaa basi kuipima kwa obokano, kinubi cha nyuzi nane cha Abagusii. Msikilizaji wa Daraja Mbili ajua kwamba mpigaji ndiye mwimbaji, na kwamba kimya cha nyuzi chaweza kuchekesha kuliko neno. Sisi tunaonakili maneno na kuziacha nyuzi twahifadhi nusu tu ya utani.