Rekodi Zisizo na Filamu

Juzi nimeirudia 61*, filamu ya Billy Crystal ya mwaka 2001. Mara ya tatu hii. Si kwamba mimi ni shabiki wa kuzaliwa wa besiboli, hapana. Naandika habari za michezo, nimekulia kwenye mpira wa miguu, na besiboli nimeijulia ukubwani. Ila filamu hii inanigusa kwa sababu washitakiwa wake ni watu wa kazi yangu.

Kisa ni cha kweli. Mwaka 1961 Roger Maris na Mickey Mantle, wote wa New York Yankees, wanaikimbiza rekodi ya Babe Ruth ya 1927: mipira 60 iliyopigwa ikavuka uzio katika msimu mmoja. Mantle anaugua, Maris anabaki peke yake. Mashabiki wanamzomea, waandishi wanamsonga kwa maswali yaleyale, nywele zinamnyonyoka. Barry Pepper anamwigiza vizuri mno: mtu mkimya anayeadhibiwa kwa kukosa maneno matamu. Siku ya mwisho ya msimu anapiga wa 61. Lakini kamishna Ford Frick, ambaye zamani alimwandikia Ruth makala, alishatamka kwamba rekodi ikivunjwa baada ya mechi 154 itaandikwa kando, maana msimu ulikuwa umerefushwa hadi mechi 162. Ile nyota kwenye jina la filamu ndiyo dharau yenyewe.

Mpaka hapo niko na Crystal. Tunaachana kwenye swali analoliruka: kwa nini rekodi hii tu? Maris alionewa, sawa, lakini alionekana. Wako wenzake ambao hata kuzomewa hawakupata.

Mchukue Owen Wilson wa Pittsburgh Pirates. Mwaka 1912 alipiga mpira na kufika kituo cha tatu kwa pigo hilohilo mara 36. Katika ligi kuu hakuna aliyefika hata 32, kabla yake wala baada yake. Na hili si kama la kuvuka uzio, ambapo mpigaji anazunguka vituo taratibu huku akishangiliwa. Hapa mpira bado uko uwanjani, wapinzani wanaukimbilia, naye anakimbia roho mkononi. Bwana, kama kuna tukio linaloililia kamera, ni hili.

Au Earl Webb wa Boston Red Sox, kijana aliyewahi kuchimba makaa ya mawe. Mwaka 1931 alipata mapigo 67 ya vituo viwili. Tangu 1936 hakuna aliyefika hata 60. Nani anamkumbuka?

Utaniambia hao walikuwa watu wa msimu mmoja, hawana kisa. Ni kweli: Wilson na Webb hawakufikia hata nusu ya hesabu hizo katika msimu mwingine wowote. Lakini Maris naye hakufikisha 40 tena maishani. Kilichotufanya tumlilie ni hichohicho, mtu wa kawaida kuwapita wakubwa wote kwa kiangazi kimoja kisha akarudi kuwa yeye. Tofauti ni kwamba yeye alimgusa Ruth. Crystal analaumu ibada ya Ruth, na bado anachagua kisa kwa kipimo cha Ruth.

Hack Wilson wa Chicago Cubs aliwezesha pointi 191 kwa mapigo yake mwaka 1930, nayo ni rekodi hadi leo. Vitabu viliandika 190 hadi 1999, pointi moja iliyosahaulika ilipokubaliwa. Mwenyewe alikufa 1948.

Filamu inatutuhumu waandishi kwa kelele. Nakubali kosa. Ila nikifungua madaftari yangu ya miaka kumi naona wafungaji, wafungaji, wafungaji. Beki aliyeokoa mpira mstarini dakika ya 89 nimemwandika "mlinzi". Hilo Crystal hakulitaja, na ndilo linaloniuma zaidi.