Kijitabu cha Haki na Mbuzi Wasiotajwa

Vijitabu vya haki ni utanzu wa fasihi, ila hakuna anayevihakiki. Huku Turkana huenda vinapita mikononi mwa watu wengi kuliko riwaya yoyote. Utavikuta kwenye benchi la zahanati, ofisini kwa chifu, mezani kwa mashirika. Vina wahusika: mjane, kibarua, mwanaboda aliyegonga mtu. Vina sauti ya mwalimu mpole. Na vina mwisho mwema: mwenye haki anaenda kortini, anapata haki yake. Nimesoma vingi, vya Lodwar na vya Kakuma, na nataka kuvipa uzito ule ule tunaowapa watunzi wengine.

Kwanza sifa. Sentensi zao ni fupi, na mtu akisoma kwa sauti wenzake wanafuata. "Ukiumia kazini, una miezi 12 ya kudai fidia." Mawakili wengi hawawezi kuandika hivyo bila kuzungukazunguka. Hiyo ni kazi ya uandishi, si mchezo.

Tatizo ni mhusika wao. Chukua ukurasa wa urithi. Mume anafariki bila wosia. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, inampa mjane vyombo vya nyumbani na haki ya kutumia mali iliyobaki maisha yake, na watoto wanahesabiwa wote, wa kike kwa wa kiume. Hadithi imeisha. Lakini mjane huyu ni wa wapi? Kwa nyumba yake ya mawe na shamba lake la mahindi, si wa hapa. Kifungu cha 32 cha sheria hiyo hiyo kinaondoa mifugo na ardhi ya kilimo katika wilaya zilizotajwa, na Turkana imo, pamoja na Samburu, Marsabit, Wajir, Narok na nyingine. Kifungu cha 33 kinasema huko zifuatwe mila za jamii ya marehemu.

Sasa soma kama msomaji wa hadithi. Marehemu wa Lodwar ameacha pikipiki, kiduka sokoni, na mbuzi 60 huko Loima. Pikipiki na kiduka vinafuata sheria ya Bunge. Mbuzi wanafuata mila. Na mbuzi ndio mali yenyewe!

Sisemi mila ni giza tupu. Kwa Waturkana mifugo hugawiwa nyumba ya kila mke mume angali hai, na wana hurithi kupitia nyumba ya mama yao. Hiyo ni hoja ambayo mjane anaweza kuisimamisha mbele ya wazee. Anayebaki nje ni binti. Hata kwake, sheria haikunyamaza. Mwaka 2008, katika kesi ya urithi ya familia ya Kimaasai ya Narok, wilaya iliyo kwenye orodha ile ile, Jaji Kalpana Rawal alikataa mila iliyowanyima mabinti. Miaka miwili baadaye ikaja Katiba, na Ibara ya 2 ikasema mila inayopingana nayo ni batili. Hapo pana mgogoro, pana mgeuko, pana kila kitu mtunzi anachokitaka. Kijitabu kimeviacha vyote, kikatuletea shamba la mahindi.

Kilomita kama 120 kutoka Lodwar, katika kambi ya Kakuma iliyoanza 1992, kasoro ni ile ile, ila kwenye ukurasa wa kazi. Mhusika ana barua ya ajira na mshahara wa mwisho wa mwezi. Lakini wakimbizi wengi wanaofanya kazi kambini, wakalimani na walimu na wahudumu wa afya, malipo yao hayaitwi mshahara, huitwa motisha. Swali lao ni moja: je, mimi ni mfanyakazi? Kijitabu hakiwajibu. Na jibu lina pa kuanzia. Ibara ya 41 ya Katiba, inayohusu haki kazini, haikusema kila raia. Imesema kila mtu. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 nayo inataja haki ya mkimbizi kufanya kazi, kwa masharti yake. Na korti huangalia kazi yenyewe ilivyo, si jina tu lililoandikwa kwenye karatasi.

Kwa maoni yangu, waandishi hawa wanaogopa neno "isipokuwa". Wanadhani litamchanganya msomaji. Lakini mama wa Kanamkemer anaishi ndani ya neno hilo kila siku. Ukimwambia "utarithi", kisha shemeji aje kuswaga mbuzi, na korti imsomee kifungu cha 33, hataamini tena hata ukurasa wa fidia, ule uliokuwa sahihi.

Kuna ukurasa ambao bado sijaukuta. Kifungu cha 32 kinamgusa aliyekufa bila wosia. Mwenye mbuzi akiusia, mbuzi wanafuata wosia wake. Tena si lazima karatasi: kifungu cha 9 kinakubali wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili au zaidi, mradi aliyeusia afariki ndani ya miezi 3 tangu aliposema. Mzee ni mgonjwa, majirani wawili wamekaa naye, anasema: mbuzi kumi wenye alama hii ni wa binti yangu. Watu wanaotunza kwa mdomo ukoo, alama za mifugo na madeni ya mahari hawahitaji kufundishwa utanzu huo. Wanahitaji kuambiwa, kwa Kiturkana na kwa Kiswahili, kwamba korti inaukubali, na kwamba mashahidi wawe tayari kusema walichosikia. Atakayeandika kijitabu hicho aanze na mbuzi.