Sakafu Tupu, Sakafu Hai: Uhakiki wa Mbinu za Kupima Mitetemo ya Majengo Jijini Kampala

Makala haya yanahakiki mbinu tatu za kupima mitetemo ya sakafu za ghorofani: kudondosha visigino, kugonga kwa nyundo yenye kihisi na kutikisa kwa mashine. Hoja kuu ni kwamba mbinu hizi aghalabu huipima sakafu ikiwa tupu, ilhali wasimamizi wa majengo wa Kampala wanahitaji kuijua sakafu inayotumiwa.

Kudondosha visigino ndiyo mbinu nafuu zaidi. Mtu mwenye uzani wa takriban kilo 77 huinua visigino kiasi cha milimita 65, kisha huviachia ghafla. Kihisi hunasa mtetemo na jinsi unavyofifia. Udhaifu wake ni kwamba kwa kawaida nguvu ya pigo haipimwi, hivyo ni vigumu kulinganisha matokeo ya wapimaji wawili. Nyundo hurekebisha kasoro hiyo, lakini juu ya sakafu nzito pigo lake huweza kumezwa na mitikisiko ya magari na ya shughuli za jengo. Mashine hutoa data bora zaidi, ila ni ghali na ni kazi kuipandisha ghorofani.

Hata hivyo, tatizo kubwa halimo katika vifaa. Ghorofa lililojengwa kuwa ofisi huweza kugeuzwa ghala, kanisa au ukumbi wa mazoezi. Shehena za bidhaa, mithili ya zile za maduka ya jumla ya Kikuubo, huongeza masi na kushusha marudio asilia ya sakafu. Watu wanaoruka pamoja mara 2.5 kwa sekunde huweza kuamsha sakafu yenye marudio ya hezi 5, yaani maradufu ya mdundo wao. Mwaka 2011 jengo la TechnoMart jijini Seoul, lenye ghorofa 39, lilihamwa kwa siku mbili baada ya kutikisika. Uchunguzi uliihusisha hali hiyo na kundi dogo la watu waliokuwa wakifanya mazoezi kwa mdundo mmoja.

Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya Uganda ya mwaka 2013 inahitaji kibali kabla ya jengo kukaliwa. Kipimo kilichofanywa wakati huo hakiwezi kusemea matumizi ya baadaye. Kwa hiyo inapendekezwa kila badiliko la matumizi liambatane na kipimo kipya, watu na mizigo wakiwamo. Aidha, kipimo cha mtetemo kisichukuliwe kuwa hati ya uimara: sakafu tulivu yaweza kuwa dhaifu, na inayotikisika yaweza kuwa imara.