Urafiki na Kauli ya Kutendana: Riwaya ya Vijana na Ukuzaji wa Msamiati katika Shule za Thika na Ruiru

Msamiati shuleni aghalabu hufundishwa kana kwamba ni mkusanyiko wa vito. Mwanafunzi huandaa daftari, akasoma riwaya, akachopoa kila neno zito analolikuta, kisha akalihifadhi hadi siku ya insha. Mazoea hayo yalikuzwa kwa muda mrefu na karatasi ya insha katika mtihani wa KCPE, uliofikia kikomo mwaka 2023. Riwaya ya Siku Njema (1996) ya marehemu Ken Walibora, mojawapo ya kazi zilizopendwa mno na vijana wa Kenya, nayo haikusalimika: wengi waliisoma kalamu mkononi, wakitafuta misemo ya kunakili. Makala haya yanashikilia rai tofauti. Yanadai kwamba hadithi za urafiki wa shuleni huukuza msamiati wa kijana si kwa wingi wa nomino ngeni bali kwa vitenzi vya kutendana, na kwamba vitenzi hivyo ni vigumu kufunzwa nje ya kisa.

Thika na Ruiru ni mahali pafaapo kuipimia rai hii. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 490,120 mjini Ruiru na 251,407 mjini Thika. Wengi wao ni watu waliofuata viwanda, mashamba na nyumba za kupanga kandokando ya barabara kuu iendayo Nairobi. Wazungumzaji wa Kikuyu, Kikamba, Kiluhya na Kijaluo huwapeleka watoto wao katika shule zilezile, na uwanjani watoto hao hukutana katika Sheng. Humo rafiki ni beshte, na kundi la marafiki ni mbogi. Kwa hiyo mwanafunzi wa sekondari msingi, yaani gredi ya 7 hadi ya 9, hana uhaba wa majina ya kumwitia mwenzake. Kiswahili sanifu kitamwongezea sahibu, msena, msiri na mwandani, lakini orodha peke yake haimfikishi mbali. Neno shoga ni mfano mzuri. Katika matumizi ya pwani, ndivyo mwanamke amwitavyo mwanamke mwenzake aliye rafiki yake. Katika mitaa ya Ruiru, neno hilohilo lina maana nyingine kabisa. Kisa ndicho kitakachomwonyesha msomaji ni nani anayemwita nani hivyo, na kwa nia gani.

Ugumu huu hujitokeza zaidi katika vitenzi. Kijana wa Thika akimwambia mwenzake "tupatane kesho", maana yake ni kwamba wakutane. Katika riwaya, wahusika wawili waliogombana wanapopatana, wamesikilizana na ugomvi wao umekwisha. Vivyo hivyo, "achana naye" mtaani ni kumwonya mtu asimsumbue mwingine, ilhali wahusika wanaoachana katika hadithi wamevunja uhusiano wao. Kwa sura, maneno haya si mageni hata kidogo, na kwa sababu hiyo hayaingii katika daftari la maneno magumu. Anayeyafafanua ni mtiririko wa matukio: msomaji aliyeushuhudia ugomvi katika sura iliyotangulia hawezi kudhani kwamba wahusika wamepatana tu njiani.

Utafiti wa Hu na Nation uliochapishwa mwaka 2000 uliwahusu wasomaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Ulidokeza kwamba, ili kuielewa hadithi bila msaada, msomaji anahitaji kuyajua takriban asilimia 98 ya maneno yake. Yaani neno moja geni katika kila maneno 50. Kipimo hicho hakiwezi kuhamishiwa Kiswahili bila tahadhari, kwani mnyambuliko humpa msomaji wetu ngazi ya ziada. Ajuaye samehe anakaribia kujua sameheana. Ajuaye sitiri atang'amua sitiriana. Hata hivyo, onyo lake linabaki: mwandishi anayerundika maneno mazito katika kila sentensi humnyima kijana muktadha ambao ungemfunza hata moja kati ya hayo.

Riwaya ya Chozi la Heri (2014) ya Assumpta K. Matei inatoa kielelezo kizuri, ingawa ilisomwa zaidi kama kitabu teule cha shule za upili. Umulkheri, aliyefikwa na misiba ya familia, anajiunga na Shule ya Upili ya Tangamano. Huko anakutana na wasichana wenzake, wakiwemo Mwanaheri, Kairu, Zohali na Chandachema, nao wanasimuliana masaibu yao. Jina la shule lenyewe ni nomino iliyotokana na kitenzi tangamana, nacho ni cha ukoo mmoja na shikamana na fungamana. Jina Chandachema haliwezi kueleweka bila methali isemayo kwamba chanda chema huvikwa pete. Msomaji anayetaka kusema kilichotukia kati ya wasichana hawa hana budi kutumia kusimuliana, kusikilizana, kuliwazana na kusitiriana. Umulkheri anagundua kwamba wenzake nao wamebeba mizigo mizito, na ugunduzi huo ndio unaovipa vitenzi hivyo uzito.

Hata hivyo, sehemu hiyo ina udhaifu wake. Kwa kiasi kikubwa masimulizi yanafuatana moja baada ya jingine. Msichana mmoja anaposema, wengine hugeuka hadhira. Hawabishani, hawakosani, hawaombani radhi. Urafiki unatangazwa zaidi kuliko unavyotendeka, na nusu ya msamiati wake, yaani ule wa kufarakana na kusuluhishana, haipati nafasi ya kutosha. Anayewaandikia wanafunzi wa sekondari msingi angefaa kuanzia hapo: awape wahusika wake sababu ya kukosana kabla ya kuwapatanisha.

Mwalimu naye ana sehemu yake. Badala ya kuuliza maana ya neno katika orodha iliyo mwishoni mwa kitabu, angeuliza ni nani aliyemtenda mwenzake nini, na mwenzake akamrudishia nini. Swali hilo haliwezi kujibiwa bila kauli ya kutendana. Katika miji ambamo watoto wa lugha nyingi wanaketi dawati moja, uwezo wa kueleza kwa Kiswahili jinsi walivyokosana na jinsi walivyopatana una manufaa zaidi kwao kuliko misemo kumi ya kuupamba mwanzo wa insha.