Kumnyima Mkorofi Mita Yake

Mawimbi mafupi ya redio yalikuwa na wakorofi wake zamani, kabla intaneti haijapata wa kwake. Watu wa redio ya ridhaa, yaani wenye leseni ya kurusha mawimbi kwa kujifurahisha wala si kwa biashara, wameishi nao kwa miongo mingi, tena mahali pasipo na mlango wala bawabu. Mtu huwezi kumfungia hewa. Ndiyo maana mbinu zao zinafaa kuchambuliwa: zimezaliwa pale ambapo dawa ya kumtoa mtu nje haipo kabisa.

Chukua Februari 2023. Kikundi cha waendeshaji kilipiga hema Bouvet, kisiwa cha Norwe kilichofunikwa na barafu katika Atlantiki ya Kusini, kikajitambulisha hewani kama 3Y0J. Kisiwa hicho hakina mkazi. Msafara wa 2018 uligeuza meli bila kutua, kwa hiyo waliokuwa wakikisubiri walikuwa na njaa ya miaka. Maelfu waliita kwa pamoja, na ndani ya maelfu hao wamo waliokuja kuharibu tu: kupiga miluzi, kurusha rekodi za muziki, kuacha mlio mmoja mrefu juu ya masafa. Mambo hayohayo hutokea kwa kiasi kidogo mgeni anapowasha redio Zanzibar, ambayo wakusanya visiwa, yaani wanaohesabu visiwa walivyowasiliana navyo, wanaijua kama AF-032. Ulaya nzima humwangukia.

Ufundi wa kwanza ni kutenganisha mdomo na sikio. Kituo kinachotafutwa kinarusha, tuseme, kwenye kilohezi 14,195, lakini kinasikiliza juu ya hapo, kuanzia 14,200 na kuendelea, kwa upana wa kilohezi kadhaa. Mwendeshaji anasema tu "tano juu", na wanaoita wanapanda huko. Mpango huu ulibuniwa kwa ajili ya umati, ili wanaoita wasimfunike wanayemwita. Lakini una faida ya pembeni ambayo ni kubwa kuliko inavyoonekana: anayepiga kelele kwenye 14,195 hafiki sikioni mwa mwendeshaji. Mwendeshaji yuko kwingine, anaendelea na kazi. Wanaoumia ni wasikilizaji wanaotaka kujua kama wamejibiwa.

Na hapo ndipo polisi wanapoingia. Hilo ndilo jina walilopewa na wenzao, kwa kejeli. Mtu mmoja amesahau kubonyeza kitufe cha kutenganisha masafa, anaita mahali pasipofaa, sekunde mbili, kwisha. Mara anatokea wa kumkaripia: "Juu! Juu!" Anafuata wa pili na tusi, wa tatu anamkanya wa pili kwa kutukana, wa nne anauliza kuna nini. Dakika nzima inapita hakuna anayesikia kituo. Mwendeshaji hodari kwa sauti huwahudumia watu 200 kwa saa, yaani mmoja kila sekunde 18. Dakika hiyo imewapita zaidi ya watu watatu. Aliyekosea alichukua sekunde mbili. Sekunde zilizobaki za dakika ile ni za watetezi wa nidhamu.

Nimesikiliza vurugu hizi mara nyingi kiasi cha kuamini kwamba polisi ndio hasara kubwa zaidi. Mkorofi wa makusudi ni mmoja au wawili. Wanaomjibu ni kundi.

Sababu ya majibu hayo kuwa hasara ni ya kifizikia kabla haijawa ya tabia. Mawimbi mafupi huruka juu, yakagonga tabaka za ayonosfia na kurudi ardhini mbali, mara nyingi yakiacha katikati eneo kubwa lisilosikia kitu. Mtu anayepiga miluzi chumbani kwake hajui kama wimbi lake limeshuka kwa jirani, au limepita juu ya bara zima na kuzama baharini. Karipio lako ndiyo mita yake. Ukimwambia "nyamaza", umemjulisha kwamba amefika, amefika kwa nguvu, na ameudhi. Siku hizi anaweza kujisikiliza kupitia kipokezi cha mbali mtandaoni, lakini kipokezi hakimwambii kama kuna aliyekasirika. Hicho ndicho alichokijia.

Kwa hiyo waendeshaji wazoefu wana amri moja isiyojadiliwa: mvurugaji hatajwi. Haombwi, haulizwi jina, hapewi hata pole. Anayesikiliza ananyoosha mkono kwenye vitufe vyake: kichujio chembamba, au kile cha kukata mlio, ambacho huufuta mlio mmoja usiobadilika ingawa sauti ya mtu hakiiwezi.

Kunyamaza pekee hakutoshi, lakini. Fujo nyingi huanzia kwa mwendeshaji mwenyewe. Akikaa dakika tano bila kutaja kitambulisho chake, wanakuja wapoteza muda wa kuuliza "huyo nani?", na wapo wa kuwajibu, na tumesharudi kwa polisi. Anayejitaja na kutaja mahali anaposikiliza kila baada ya mawasiliano mawili matatu amewaondolea swali mdomoni. Tena kuna hili la herufi. Mwendeshaji anashika vipande tu vya jina ndani ya kelele, anasema: "Anayeishia Alfa Bravo." Wengine wote wanapaswa kunyamaza. Hawanyamazi. Yuko mwenye amplifaya kubwa anayeendelea kuita, na jina lake halina A wala B. Mwendeshaji akichoka akamjibu huyo, umati wote umejifunza kwamba ubabe unalipa. Akishikilia Alfa Bravo wake mpaka ampate, hata kwa dakika nzima, watanyamaza mara ijayo. Mwalimu wa darasa la watoto sabini anaijua hesabu hii.

Mwaka 2017 likaja jibu la aina nyingine kabisa. Joe Taylor, mwanafizikia wa Princeton aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya 1993, pamoja na Steve Franke, walitoa FT8, mawasiliano ya kompyuta kwa kompyuta. Zamu ni ya sekunde 15. Ujumbe una biti 77: vitambulisho, mahali, nguvu ya mawimbi. Ukitaka kuandika maneno yako mwenyewe unapewa herufi 13, ambazo hazitoshi hata tusi lenye fasihi kidogo. Katika mtindo wake wa misafara, wanaoita mahali pasipo pao, chini ya hezi 1,000, hawajibiwi. Programu inawapita bila hasira.

Mkorofi alibakiwa na mlango mmoja, wa kujifanya yeye ndiye msafara. Mwaka 2024 ukatoka mtindo unaobeba sahihi ya kidijiti, na msafara wa N5J kisiwani Jarvis, Pasifiki, ukautumia mwaka huohuo. Kazi nzuri, nami naisifu shingo upande. Njia iliyombana mchokozi hivyo imembana na mwenye hadithi. Kwa FT8 humsalimii mtu wala humuulizi mvua imenyesha lini kwao.

Kuwasaka wakorofi kunawezekana. Vipokezi vya KiwiSDR, vinavyoshika saa moja kwa GPS, hulinganisha wimbi limefika wapi kwanza. Tofauti ya milisekunde moja ni kilomita 300. Na mwaka 2006 mahakama ya Marekani ilimfunga mtu wa Los Angeles miaka 7 kwa kuvuruga mawasiliano ya redio. Ila sheria huja baada ya miezi na miaka, na mwendeshaji ana sekunde 18.

Ukitaka kusikia mwenyewe huhitaji leseni wala antena. Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, kina kipokezi kinachosikilizwa bure kwa kivinjari. Subiri siku ya msafara mkubwa, weka kilohezi 14,195, na ukisikia mluzi, anza kuhesabu sekunde mpaka polisi wa kwanza ajibu.